Kumleta mtu mashuhuri shuleni: mwongozo kwa walimu na wazazi wa shule za serikali Mombasa

Kila muhula unapoanza napigiwa simu na watu wasiojuana, na maswali yao hufanana kama shilingi kwa ya pili. Mwalimu wa ushauri nasaha kutoka Likoni anauliza atampata vipi mtu mashuhuri wa kuzungumza na wanafunzi wake. Mzazi wa Jomvu anauliza mgeni wa namna hiyo hulipwa kiasi gani. Mwanafunzi wa zamani aliyefanikiwa Nairobi anatamani kurudi katika shule iliyomlea, lakini hajui abishe mlango wa nani. Nimewajibu mmoja mmoja kwa miaka kadhaa, na sasa nimeona heri niyaweke majibu hayo mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata hata kama hajawahi kuandaa mkutano wowote maishani mwake.

Nimeandika kwa ajili ya shule za serikali kwa sababu moja. Mtoto wa shule ya kibinafsi ya Nyali hukutana na daktari au rubani wa ndege mezani kwao wakati wa chakula cha jioni, ilhali mtoto wa Mshomoroni, Mtongwe au Miritini anaweza kumaliza shule bila kuwahi kuzungumza ana kwa ana na mtu anayefanya kazi anayoiota. Pengo hilo halizibwi na hotuba. Linazibwa na mgeni anayeeleza, hatua baada ya hatua, alivyotoka pale alipokuwa hadi alipo, pamoja na walimu wanaofanya kazi kabla hajafika na baada ya kuondoka. Ukikumbuka hilo, umaarufu wa mgeni hautakutia kiwewe.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ruhusa ya mwalimu mkuu iliyoandikwa, hata kama ni aya mbili tu zenye sahihi na muhuri. Ruhusa ya mdomo husahaulika siku mwalimu mkuu anapohamishwa.
- Mwalimu mmoja mwenye dhamana, na mwingine wa kumsaidia. Kamati ya watu tisa haifai kwa kazi hii.
- Muda wa wiki sita. Ziara zilizopangwa kwa wiki moja nimeziona, na nyingi ziliishia kuwa gwaride refu.
- Chumba chenye kivuli kinachotosha wanafunzi 60 hadi 100. Si lazima kiwe ukumbi. Madarasa mawili yenye ukuta wa kukunja, au chini ya mwarobaini, yanatosha.
- Kipaza sauti chenye betri, kwa sababu umeme haujui ratiba yako.
- Karatasi zilizokatwa nusu, moja kwa kila mwanafunzi.
- Pesa kidogo za maji, chakula cha mchana na salio la simu.
- Daftari la ziara, litakalobaki shuleni hata wewe ukiondoka.

Hatua ya 1: Wasikilize wanafunzi kwanza

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kuanza kwa kumtafuta mgeni. Anza kwa kumpa kila mwanafunzi nusu karatasi na umwambie ajibu swali moja bila kuandika jina: ukikutana na mtu anayefanya kazi unayoitamani, utamuuliza nini? Zikusanye, kaa nazo jioni moja, uzisome zote.

Utashangaa. Katika darasa moja la Gredi ya 9 upande wa kusini wa kivuko cha Likoni, nilitarajia maswali kuhusu vyuo na alama. Yaliyokuja kwa wingi yalihusu karo, aibu na wazazi: nani alikulipia, ulifanya nini ulipoanguka hesabu, baba yako alikubali? Karatasi moja ilikunjwa mara nyingi hata ikawa ndogo kama kidonge, na ndani yake mlikuwa na mstari mmoja wa kalamu ya risasi: “Mtu anaweza kuwa nahodha kama hajui kuogelea?” Watoto wa huko huvuka maji kwa feri mara kwa mara. Karatasi hiyo ndiyo iliyotuchagulia mgeni.

Hatua ya 2: Mchague mgeni ambaye mwanzo wake unafanana na wao

Hapa ndipo pa kutulia, maana mengine yote yanategemea uamuzi huu.

Mwaka 2008 mwanauchumi Trang Nguyen aliandika kuhusu jaribio lililofanywa katika shule za msingi za Madagaska, ambako watu waliofanikiwa walialikwa kuwasimulia wanafunzi maisha yao. Mgeni aliyetoka katika familia maskini aliinua alama za watoto, hasa wale maskini. Mgeni aliyetoka katika familia yenye uwezo hakuonyesha athari kama hiyo. Nadharia yangu yote inaishia hapo: mwanafunzi anapima umbali kati yake na mgeni, na akiona hauvukiki, anapiga makofi na kurudi kucheza.

Kwa hiyo jiulize maswali manne kuhusu kila jina linalotajwa. Je, alisoma shule ya serikali, au alikulia katika mazingira wanayoyajua watoto hawa? Je, anaweza kueleza kazi yake kwa vitu vinavyoshikika? Je, amewahi kushindwa, na yuko tayari kulisema? Je, kazi yake inahusiana na uamuzi ambao wanafunzi wako karibu kuufanya?

Swali la mwisho lina uzito mpya siku hizi. Chini ya mtaala wa umilisi, mwanafunzi wa Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu ya sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; Sayansi za Jamii; au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ana umri wa miaka 14 au 15, na mara nyingi anachagua kwa kufuata rafiki. Wanaoandaa ziara huwakimbilia wanafunzi wa mwisho wa sekondari wanaojiandaa kwa mtihani wa kitaifa wa KCSE, na kuwasahau hawa wa sekondari msingi kwa sababu tu wanasomea ndani ya shule za msingi. Kama una nafasi ya ziara moja tu kwa mwaka, wape wao.

Sasa, mashuhuri ni nani? Mombasa haina uhaba. Kapteni Elizabeth Marami ni mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuwa rubani wa meli, yaani yule anayeziongoza meli kubwa kuingia na kutoka Kilindini. Msichana wa Likoni huziona meli hizo kila siku bila kujua kwamba kuna mtu anayepanda kuziongoza. Lakini usikwame kwenye majina ya magazetini. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko Mkomani. Hospitali ya Rufaa ya Pwani, bandari, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, mahakama, vituo vya redio na wahifadhi wa Fort Jesus, wote wana watu waliosoma katika shule za serikali za hapa hapa. Mcheza kwao hutuzwa, na mtoto huamini haraka zaidi anaposikia lafudhi ya nyumbani.

Hata marehemu wanasaidia, kama utangulizi. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari na kukosa nafasi ya kuingia Makerere. Alifanya kazi katika taasisi ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kisha akapata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza, na mwaka 1966 akatunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Oxford. Wanafunzi wengi wanalijua jina lake. Lile daraja la tatu hawalijui, na ndilo wanalolihitaji.

Ushauri wangu ni jina kubwa moja kwa mwaka, na wageni watatu wa karibu katika miezi mingine. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2012 uligundua kwamba vijana waliokumbuka kukutana na waajiri mara nne au zaidi walipokuwa shuleni, uwezekano wao wa kukaa bila kazi wala masomo ulikuwa mdogo mara tano kuliko wa wale wasiokumbuka hata mmoja. Mengi yanaweza kuwa yamechangia tofauti hiyo, lakini wingi wa mikutano ni jambo lililo katika uwezo wako.

Tahadhari: Usimwalike mtu anayewania kiti cha siasa, wala anayetajwa kuwania. Atakuja na kamera, atazungumza na wazazi kupitia watoto, na shule itabaki na sifa ya kambi. Vilevile chunga usije ukaleta wanaume watupu mwaka mzima.

Hatua ya 3: Mwandikie, na uombe kitu kidogo

Watu mashuhuri wengi hukataa kwa sababu ombi ni pana mno: “uje utupe moyo.” Omba dakika 60, tarehe mbili za kuchagua, na jambo moja mahususi. Pitia kwa mtu anayemjua, kama vile mwanafunzi wa zamani, jirani, imamu au mchungaji wake, kisha utume barua yenye muhuri wa shule. Mfano tunaoutumia ni huu:

“Kwako Mhandisi ___. Pokea salamu kutoka kwa wanafunzi wa Gredi ya 9 wa Shule ya ___. Tunakuomba dakika 60 za wakati wako siku ya Jumanne tarehe ___ au Alhamisi tarehe ___, saa tatu na nusu asubuhi. Wanafunzi 80 wanajiandaa kuchagua mikondo yao ya sekondari pevu, na wengi wao wameandika kwamba hawajawahi kuzungumza na mhandisi. Hatuombi hotuba wala msaada wa fedha. Tunaomba utueleze ulikuwa wapi ulipokuwa na miaka 15, na ulivyotoka hapo. Mwalimu ___ atakupokea langoni. Tafadhali tujibu kabla ya tarehe ___ ili tumwalike mwingine endapo hutapata nafasi.”

Sentensi ya mwisho huonekana kali kwa baadhi ya walimu. Iacheni. Humpa mgeni njia ya heshima ya kukataa, nawe hukuepusha na wiki nne za “inshallah tutaona”.

Kuhusu malipo, jibu ni fupi: usilipe. Shirika la Uingereza la Speakers for Schools, lililoanzishwa na mwanahabari Robert Peston, hupeleka watu maarufu katika shule za serikali bila shule kutozwa chochote, na hapa kwetu pia wageni wazuri hawajawahi kunidai. Msanii au mtu anayejitafutia riziki ya siku unaweza kumrudishia nauli. Anayetaja bei ya kuzungumza na watoto wa shule ya serikali, mshukuru na umwache aende zake.

Hatua ya 4: Panga tarehe kwa kalenda ya Mombasa

Muhula wa pili ndio unaofaa kuliko yote. Muhula wa tatu ni wa mitihani, na Wizara ya Elimu imezoea kuzuia shughuli na wageni shuleni katika kipindi hicho. Muhula wa kwanza unawezekana, lakini joto la kaskazi kati ya Januari na Machi halina huruma, kwa hiyo maliza kabla ya saa nne na nusu asubuhi. Masika yakianza, kumbuka kwamba mvua juu ya bati humeza sauti ya mtu yeyote. Epuka Ijumaa kuanzia saa tano, kwani wanafunzi na huenda mgeni mwenyewe wana swala. Mwezi wa Ramadhani hauzuii ziara, mradi iwe asubuhi na usiandae vitafunio.

Kama shule iko Likoni na mgeni anatoka kisiwani, usimwambie “saa tatu” tu. Mwambie awe kwenye feri saa mbili, au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Na saa yenyewe iandike kwa njia mbili. Mgeni mmoja kutoka Nairobi aliandikiwa “saa 9” na karani mwenye haraka. Yeye akafika asubuhi saa tatu, wanafunzi wakapangwa alasiri, na mgeni akakaa saa sita katika ofisi ya walimu akinywa chai ya rangi. Alikuwa mtu wa subira. Si kila mgeni atakuwa hivyo.

Hatua ya 5: Usalama wa watoto

Hatua hii ni fupi lakini haina mjadala. Mgeni haachwi peke yake na mwanafunzi au kikundi cha wanafunzi, hata awe nani. Hachukui nambari za simu za wanafunzi wala hatoi yake. Mawasiliano yote hupitia kwa mwalimu mwenye dhamana. Picha hazipigwi wala hazisambazwi bila idhini ya wazazi, na hilo si adabu tu, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Tuma fomu za idhini nyumbani wiki mbili kabla, kwa Kiswahili ambacho bibi wa mtoto anaweza kukisoma. Watoto ambao fomu zao hazikurudi, waketishe upande mmoja ili mpiga picha ajue.

Hatua ya 6: Mwandae mgeni

Watu hudhani aliyezoea majukwaa hahitaji kuandaliwa. Mzoefu wa majukwaa ndiye hatari zaidi, kwa sababu ana hotuba tayari. Wiki moja kabla, mpelekee ukurasa mmoja wenye maswali kumi kutoka kwenye zile nusu karatasi, kisha umpigie simu na umwombe mambo matatu.

Kwanza, aanzie umri wao. Asianze na cheo. Aanze na nyumba aliyoishi, shule aliyosoma, na alichokuwa akikula mchana. Pili, asimulie kushindwa kumoja hadi mwisho, pamoja na jinsi alivyojisikia na kile hasa alichofanya kesho yake. Tatu, ataje ngazi kwa majina: alisoma nini, wapi, miaka mingapi, ni nani aliyelipa. “Nilijituma” haimsaidii mtoto. “Nilisoma stashahada miaka mitatu, mjomba akalipa mwaka wa kwanza, mingine nikalipa kwa kushona viatu” inamsaidia.

Mwombe pia alete kifaa kimoja cha kazi yake. Glavu za fundi wa bandari zilizochakaa vidoleni zilipita mkono hadi mkono katika darasa zima, na kuna mvulana aliyezivaa akakataa kuzitoa.

Na lugha? Hapa natofautiana na wakuu wengi wa shule. Shule nyingi zina sheria ya kuzungumza Kiingereza siku fulani, na mgeni huambiwa azungumze Kiingereza ili “awe mfano”. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi watano wenye ulimi mwepesi ndio wanaouliza, na waliobaki wanatazama dirishani. Mwombe mwalimu mkuu aiondoe sheria hiyo kwa saa moja.

Tahadhari: Mwambie mgeni mapema, kwa upole, asiahidi chochote: karo, kompyuta, wala nafasi ya kazi. Ahadi isiyotimizwa hukaa shuleni miaka mingi kuliko hotuba nzuri.

Hatua ya 7: Waandae wanafunzi

Tenga vipindi viwili. Katika cha kwanza, waambie mgeni ni nani na kazi yake ni nini, kisha kila mmoja aandike maswali mawili. Katika cha pili, fanyeni mazoezi ya kuuliza: mwanafunzi anasimama, anamwamkia mgeni, anataja jina lake la kwanza, anauliza swali moja, anabaki amesimama hadi ajibiwe. Inaonekana kama jambo dogo, lakini mtoto ambaye hajawahi kuzungumza na mtu mzima asiye mwalimu wala jamaa yake hukauka koo. Wachague waulizaji sita wa mwanzo, na uhakikishe angalau wawili ni wale wa viti vya nyuma.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Panga viti nusu duara, mgeni akae usawa mmoja na wanafunzi. Meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki inamgeuza kuwa bwana harusi. Gawa dakika 60 hivi: dakika 3 za utangulizi unaofanywa na mwanafunzi, dakika 20 za simulizi, dakika 27 za maswali, na dakika 10 za mwisho za kuandika kimya.

Adui wa ratiba hii anatoka ndani. Naibu wa mwalimu mkuu atataka kusema neno, mwenyekiti wa bodi ya usimamizi neno, mwakilishi wa wazazi neno, na kila neno ni dakika 10. Usiwanyime, maana nao wana heshima yao. Wapangie hotuba zao kwenye chai baada ya kikao, mgeni akiwapo na wanafunzi wakiwa wamerudi darasani.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kumleta msanii mmoja katika shule ambayo sitaitaja. Tulimpanga mbele ya shule nzima, zaidi ya wanafunzi elfu moja, uwanjani. Alichelewa saa mbili na nusu, wazee wakajaza muda kwa hotuba, jua likapanda, na wasichana wawili wakazirai kwenye mstari. Alipofika alisema maneno matano, akatupa noti hewani, na watoto wadogo wakakanyagana. Kosa lilikuwa letu waandaaji. Hatukuwa tumemwambia afanye nini, naye akafanya alichozoea kufanya.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wako ana saa moja tu, kwa hiyo mpe jembe siku ya kwanza: ajibu maswali. Yule nahodha tuliyemleta kwa sababu ya karatasi iliyokunjwa alizungumza vizuri, lakini chumba kilibadilika aliposomewa swali lile. Alicheka kwanza. Kisha akasema kwamba alikubaliwa katika mafunzo ya ubaharia akiwa hajui kuogelea, na kwamba alijifunza akiwa na miaka 19, kwenye maji ya magotini, huku vitoto vya ufuoni vikimcheka na kumfundisha kupiga miguu. Baada ya hapo mikono iliinuka kila upande, na hatukuimaliza.

Hatua ya 9: Wiki mbili za baadaye

Zile dakika 10 za kuandika kimya zina swali moja: ni hatua gani ndogo nitakayoichukua kabla ya mwezi huu kwisha? Zikusanye na uzisome. Anayeandika “nitakuwa daktari” mrudishie aandike tena. Anayeandika “nitamwuliza mwalimu wa Biolojia masomo yanayohitajika” ameelewa. Baada ya wiki mbili, warudishie karatasi zao na uwaulize nani amefanya. Nusu hawatakuwa wamefanya. Hiyo ni kawaida, na kuulizwa tu huwasukuma wengine.

Chagua barua tatu za wanafunzi umpelekee mgeni, pamoja na shukrani za shule. Kisha mwulize kama kikundi cha wanafunzi 10 kinaweza kutembelea anapofanyia kazi, wakiwa na walimu wawili na idhini za wazazi. Wageni wengi hukubali jambo hili kwa urahisi kuliko walivyokubali kuja. Andika yote katika daftari la ziara: jina, tarehe, idadi ya wanafunzi, maswali yaliyozua mazungumzo, na kile ambacho ungebadilisha.

Mambo yakienda kombo

Mgeni ameghairi asubuhi ile ile. Usiwatawanye wanafunzi. Mtafute mtu ndani ya kuta za shule au jirani nayo: muuguzi wa zahanati iliyo karibu, mwalimu aliyewahi kufanya kazi nyingine, au mwanafunzi wa zamani aliye chuoni. Maswali yao tayari yapo. Moja ya vikao bora nilivyoona kiliongozwa na bwana wa maabara wa shule yenyewe, ambaye hakuna mwanafunzi aliyekuwa amemwuliza alifikaje pale.

Hakuna anayeuliza. Usiwakaripie. Chukua zile nusu karatasi na umpe mgeni azivute mwenyewe kutoka kwenye boksi na kuzisoma kwa sauti. Baada ya tatu au nne, mikono huinuka.

Mgeni ameingia kwenye siasa, mahubiri au kutangaza biashara yake. Simama na useme, “Ahsante sana, wanafunzi wana maswali mengi,” kisha umwite muulizaji wa kwanza. Ndiyo sababu walichaguliwa mapema.

Mgeni ameahidi ufadhili mbele ya wanafunzi. Baada ya kikao mkalishe pamoja na mwalimu mkuu, muandike ni nini hasa, kwa nani, na lini. Akisita, waambieni wanafunzi siku hiyo hiyo kwamba jambo hilo bado halijathibitishwa.

Mwanafunzi amesema jambo zito, kwa mfano kwamba anapigwa nyumbani au ameacha kula ili wadogo zake wale. Kikao hakisimami, lakini mwalimu wa ushauri nasaha aondoke naye kwa utulivu na kufuata taratibu za ulinzi wa mtoto za shule. Mgeni asiachiwe kazi hiyo, hata kama ni daktari.

Wanafunzi wamemwomba mgeni pesa. Hutokea, na aghalabu ni wale wenye shida kweli. Mgeni aelekezwe kwa mwalimu mkuu, na asitoe kitu mkononi. Majina ya walioomba yaandikwe kando, si kwa adhabu, bali ili wafikiriwe wakati wa kupendekeza wanafunzi kwa basari ya kaunti au ya eneobunge.

Mwalimu mkuu amekataa kabisa. Mara nyingi anaogopa kupoteza vipindi au aliwahi kuumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwombe darasa moja tu, kipindi kimoja, siku ya vyama vya wanafunzi, na umwalike aketi nyuma asikilize. Mpelekee pia zile nusu karatasi zilizoandikwa na wanafunzi wake mwenyewe, bila kusema neno, umwachie mezani hadi kesho yake.